Kijito ni Kizima, Lakini Maji Usinywe

Bibi alitukuta kijitoni tumeinama, suruali zimekunjwa hadi magotini. Mmoja wetu alikuwa na sinia jeupe na kipande cha chandarua kuukuu kilichoshonewa kwenye waya, mwingine ana kichupa cha kioo, mimi daftari. Akatua ndoo yake, akatutazama.

"Wajukuu zangu, mnatafuta dhahabu humo?"

Hakuwa anatania bure. Huku Usambara Mashariki, mwaka 2003 na 2004, watu walimiminika msituni, Sakale na kwingineko, wakachimba dhahabu hadi ndani ya mikondo ya vijito. Wenye umri wake hawajasahau. Tukacheka, tukamwambia hapana bibi, tunapima maji.

"Haya, nambieni basi. Mazuri ama mabaya?"

Mwenye sinia akasema mazuri sana, bibi, hiki kijito ni kizima kabisa. Mwenye kichupa akasema usiyanywe bila kuchemsha. Mimi nikasema bado hatujui, labda baada ya mwaka. Tulijibu kwa pamoja, kila mtu na lake. Bibi akachota, akajitwisha ndoo. "Kapataneni kwanza," akasema, "halafu mje mnieleze."

Kilichoniuma ni kwamba sote watatu tulikuwa tumesema kweli. Neno "mazuri" ndilo lililotuangusha, maana ndani yake mna maswali matatu na kila swali lina chombo chake. Je, kijito kiko hai? Je, mtu anaweza kunywa? Na kama kimeharibika, nani kakiharibu? Ukichukua chombo cha swali la kwanza ukajibia la pili, unaweza kumhakikishia mtu maji yatakayomlaza hospitali. Ukikitumia kujibia la tatu, utagombana na jirani asiye na kosa. Nimewaona watu wa kujitolea, na mimi nikiwemo, wakifanya yote mawili.

Kwanza tuone maji haya yanakwenda wapi. Vijito vya safu ya Amani, wilayani Muheza, huingia Kihuhwi na mikondo mingine, nayo huingia mto Zigi (wengine huandika Sigi, mto ni huohuo). Zigi huteremka hadi bwawa la Mabayani, lililojengwa mwaka 1978, na kutoka bwawani maji husafishwa na kusukumwa hadi mabombani mwa jiji la Tanga. Anayefungua bomba Ngamiani anakunywa mvua iliyonyesha juu ya msitu wa Amani, ikapita kwenye iliki, chai, miwa na mihogo, ikapita chini ya madaraja yanakooshwa pikipiki, ndipo ikamfikia. Mto wenyewe uko chini ya Bodi ya Maji Bonde la Pangani, iliyoanzishwa mwaka 1991, ambayo licha ya jina lake husimamia pia Zigi, Umba na Msangazi. Bodi ina wataalamu wake, lakini vijito ni vingi mno kuwa na mtaalamu amesimama kwenye kila kimoja. Hapo ndipo mkazi wa kijijini, anayepita kijitoni kila siku hata asipolipwa, anapokuwa na kitu ambacho ofisi haina.

Wazo hili si geni duniani. Marekani, chama cha Izaak Walton League kilianza mwaka 1969 kuwashirikisha watu wa kawaida katika kuangalia vijito vyao. Afrika Kusini wataalamu walitengeneza njia ya kupima mto kwa kutazama wadudu wake, wakaiita SASS, kisha ikapunguzwa hadi ikawa miniSASS, ambayo mwanafunzi wa shule ya msingi anaiweza. Na Tanzania tunayo ya kwetu: TARISS, iliyochapishwa mwaka 2015, ambayo ni SASS iliyorekebishwa kwa wadudu wa mito ya hapa. Hiyo ni ya wataalamu. Sisi wa suruali zilizokunjwa tunatumia ile fupi.

Kwa nini wadudu? Kwa sababu maji ya chupani yanakueleza dakika uliyochota, basi. Mtu akimwaga sumu saa nne usiku, wewe ukaja saa nne asubuhi, chupa yako itakuwa safi na utaondoka umeridhika. Mdudu hana pa kukimbilia. Wengi tunaowaona angani wakiwa na mbawa waliishi kwanza majini, chini ya mawe, kwa wiki au miezi. Kerengende ni mmoja wao: yule mwenye mbawa za kung'aa ni mtu mzima, utoto wake wote aliumaliza kijitoni akiwa mdudu wa rangi ya tope, mkali, anayekula wenzake. Yaliyopita kijitoni yote yamempitia yeye. Usiku ule wa sumu alikuwepo.

Na hawavumilii sawa. Kuna wanaokufa oksijeni ikipungua kidogo tu, na kuna wanaostawi kwenye mtaro wa maji machafu, kama vile viwavi wembamba wekundu, ambao wekundu wao unatokana na kemikali ya damu inayoshika oksijeni hata ikiwa haba. Njia ya miniSASS imewapanga viumbe katika makundi 13 na kila kundi lina alama. Minyoo, ruba na mabuu ya nzi na mbu wana alama 2 tu. Konokono 4. Kaa 6, kerengende 6. Yule fundi anayejijengea nyumba ya chembe za mchanga au vijiti akaishi ndani yake kama konokono, 9. Na wa juu kuliko wote, mdudu bapa wa chini ya mawe mwenye mikia miwili, ana 17. Unachokoa mawe na majani kwa dakika tano huku chandarua kikipokea chini ya mkondo, unamimina kwenye sinia, unatazama makundi gani yapo. Huhesabu wadudu wangapi, unahesabu makundi. Unajumlisha alama, unagawanya kwa idadi ya makundi, unapata wastani. Kijito cha mawe kinadaiwa wastani mkubwa kuliko cha mchanga, kwa kuwa mawe ni nyumba nzuri zaidi.

Maelezo haya husikika rahisi mpaka uinamie sinia mwenyewe. Siku moja tulipata makundi sita: kaa, kerengende, fundi wa mchanga, konokono, mabuu ya nzi, na wale wadudu wadogo wepesi wenye mikia mitatu ambao alama yao ni 5. Jumla 32, gawanya kwa 6, unapata 5.3. Kijito mgonjwa. Kisha kijana mmoja akageuza jiwe la mwisho akashangilia: mikia miwili! Kumi na saba! Jumla ikaruka hadi 49, makundi saba, wastani 7. Kijito kikapona ndani ya nusu dakika, kwa sababu ya mdudu mmoja asiyezidi kucha ya kidole cha mwisho.

Tukamweka kwenye kijiko cha maji, tukamtazama kwa kioo cha kukuzia. Mwenye alama 17 wa kweli ana kucha mbili kwenye kila mguu, na kwapani, pale miguu inapoungana na kifua, ana vishada kama manyoya, ndivyo anavyopumulia. Huyu wetu alikuwa na kucha moja, na kwapani hakuna kitu. Vishada vyake vilikuwa ubavuni, huku na huku ya tumbo, vikipepea. Alikuwa ni yuleyule wa alama 5, mkia wa tatu umekatikia kwenye vidole vya aliyemshika. Tukafuta 49, tukarudisha 32. Kijana alinuna, na nilimwelewa, maana hata mimi nilikuwa nimeshaanza kuiandika 7 kwa kalamu ya wino. Upimaji wa watu wa kujitolea unapobezwa na wenye maabara, sababu ni mkia kama huu. Lakini dawa yake ni nyepesi: mtu wa pili kumtazama mdudu uleule kabla ya kuandika, picha ya simu kwa kila mdudu wa alama kubwa, na ruhusa ya kuandika "hatuna hakika". Mdudu mwenyewe arudishwe kwenye maji akiwa hai. Hilo si huruma tu, ukichukua wote mwezi huu, mwezi ujao utapima pengo uliloliacha mwenyewe.

Sasa tufanye kijito kimepata 7 halali. Mwenye sinia yuko sahihi, ni kizima. Bibi anywe?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi huteleza. Mdudu wa alama 17 anajali oksijeni, mawe na ubaridi wa maji. Kinyesi kidogo cha mtoto aliyejisaidia kichakani jana hakimshughulishi, lakini kinakushughulisha wewe. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasiwe na hata bakteria mmoja wa aina ya E. coli, wale wa kinyesi, katika mililita 100, yaani chini ya nusu ya glasi ya kawaida. Kijito kinachopita karibu na watu, ng'ombe na nyani hakifiki hapo, hata kiwe kizima namna gani. Na kuna kioja kingine ambacho watu wa Amani wanakijua kwenye ngozi zao: usubi. Yule nzi mdogo mweusi anayeeneza ugonjwa wa usubi, ule unaoweza kumpofusha mtu, huzaliana kwenye maji yaendayo kasi, yenye oksijeni tele, ndiyo maji haya haya tunayoyasifu. Katika vijito vya huku mabuu yake hujishikiza juu ya kaa wa mtoni na kuishi hapo mgongoni kwa mwenzao hadi yanapokomaa. Kaa anayekupa alama 6 za afya ya kijito anaweza kuwa amembeba adui wa macho yako. Kichocho nacho hukaa sehemu nyingine za mto, kwenye maji yaliyotulia yenye konokono. Hakuna alama ya wadudu itakayokuonya juu ya hilo.

Swali la pili, basi, linataka kichupa. Tunachotumia ni kile ambacho ndani yake kuna kipande cha karatasi kilicholoweshwa dawa. Unajaza maji hadi kwenye mstari, unafunga, unakiacha mahali penye joto la kawaida la chumba kwa saa 24 hadi 48. Maji yakigeuka meusi, yana bakteria wanaotoa gesi ile inayonuka kama yai viza, na bakteria hao kwa kawaida hutoka matumboni mwa watu na wanyama. Kipimo hiki kilibuniwa India, kikatangazwa mwaka 1982, na uzuri wake ni kwamba hakihitaji umeme wala mashine. Ubaya wake ni kwamba hakisemi ni wangapi. Cheusi ni cheusi. Tunaandika pia saa kilipoanza kubadilika, kwa sababu kinachogeuka usiku wa kwanza kina uchafu zaidi kuliko kinachogeuka kesho yake jioni, ingawa hiyo ni dalili tu.

Kina mtego mmoja ambao wakazi wa Tanga watauelewa haraka kuliko Wahindi. Nenda kwenye chemchemi za maji moto za Galanos, jirani na mapango ya Amboni, chota yale maji yanayonuka kiberiti, utie kichupani. Kitageuka cheusi papo hapo, na bakteria hawahusiki hata kidogo. Gesi tayari imo majini, imetoka ardhini. Chombo kinajibu swali kilichoulizwa, yaani kama gesi ipo. Kwamba imetoka tumboni mwa mtu ni sisi tumejazia. Kwenye kijito cha Amani kujazia huko kuna mantiki, Galanos hakuna.

Ukitaka idadi kamili ya bakteria, hapo uende maabara, na safari ndiyo shughuli. Sampuli inatakiwa iwe kwenye chupa iliyochemshwa au kutakaswa, iwe kwenye baridi na gizani, na ifike ndani ya saa sita ikiwezekana, zisizidi 24. Jaribu hivyo kutoka mlimani siku gari la Muheza limeharibika. Ndiyo maana kichupa cha karatasi, pamoja na kasoro zake, kina kazi: kinakuambia sampuli ipi inastahili nauli.

Zipo pia sumu ambazo vyombo vyetu vyote havizioni. Zebaki, ambayo wachimbaji wadogo huitumia kukamatia dhahabu, haina rangi wala harufu ikiwa majini, huzama kwenye tope la chini na kukaa humo miaka. Viuatilifu vya shambani navyo hivyo, isipokuwa vikiwa vingi kiasi cha kuua wadudu wote, na hapo sinia tupu litakuwa limesema kitu. Mtu wa kujitolea anayesema "tumepima, maji hayana sumu" amesema asichokijua.

Kabla ya swali la tatu, niseme kidogo juu ya tope, kwa kuwa ndilo linalounganisha kijiji na jiji kuliko kitu kingine. Chombo chake ni bomba la plastiki angavu, lenye urefu wa mita moja, chini limezibwa kwa alama ya rangi nyeusi na nyeupe. Unalijaza maji, unachungulia kutoka juu, huoni kitu. Unaachia maji kidogo kidogo hadi alama itokeze, unasoma sentimita zilizobaki. Kiangazi kijito chetu unaona alama bomba likiwa limejaa. Masika, siku ya pili ya mvua, tumewahi kusoma sentimita 9. Ni udongo wa shamba la mtu huo, umeshaondoka na hautarudi.

Kwa mnywaji wa mjini tope si rangi tu. Vimelea hujificha nyuma ya chembe za udongo, klorini haiwafikii vizuri, na yenyewe huliwa na uchafu kabla haijafanya kazi. Kwa hiyo mtambo hulazimika kwanza kuligandisha tope kwa shabu au dawa ya aina hiyo, lizame, lichujwe, ndipo klorini iingie. Tope likizidi, dawa huzidi, na bwawa nalo hujaa udongo chini likapungua kina. Ndiyo maana mamlaka ya maji ya Tanga ina maslahi ya moja kwa moja na wakulima wa huku juu, na kuna chama cha wakulima, UWAMAKIZI, kilichobeba mito ya Kihuhwi na Zigi ndani ya jina lake, kinachohifadhi kingo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu kingo, ndani ya mita 60 za mto. Ukiisoma ofisini ni sheria nzuri. Ukiwa umesimama kwenye shamba la nusu eka lililoshuka hadi majini, mita 60 ndiyo shamba lenyewe lote, na mwenye shamba ana watoto. Nadhani bomba letu lina kazi nzuri zaidi hapa kuliko fimbo: mkulima akiona mwenyewe sentimita 9 chini ya shamba lake na 70 juu yake, anaanza kuuliza habari za majani ya kuzuia mmomonyoko bila kutishwa.

Hiyo "juu na chini" ndiyo roho ya swali la tatu. Nani kachafua? Kuna daraja moja ambapo vijana wa bodaboda huosha pikipiki, povu linaelea, mafuta yanatengeneza rangi za upinde wa mvua juu ya maji. Tuliapa kwamba ndio wao. Tulipima chini ya daraja: wadudu wa alama 2 watupu, kichupa cheusi. Tulikuwa tumeshaanza kuandika barua kwa serikali ya kijiji. Mzee mmoja akatuuliza kama tumepima juu ya daraja. Hatukuwa tumepima. Tukapanda mita mia mbili hivi juu, kabla ya povu lolote: wadudu ni walewale wa alama 2, kichupa cheusi vilevile. Pikipiki zilikuwa zinaongeza uchafu, sina shaka, lakini mto ulikuwa umefika pale ukiwa tayari mgonjwa, na chanzo kilikuwa zizi na vyoo vya huko juu ambavyo havionekani barabarani. Bila kipimo cha juu, cha chini ni umbea.

Mkonge unafundisha somo gumu zaidi. Tangu Richard Hindorf alipouleta mwaka 1893, miche 62 iliyosalia hai ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, mkoa huu umeishi nao. Jani la mkonge likipita kwenye korona, ile mashine ya kutenganisha nyuzi na nyama ya jani, nyuzi zinazopatikana ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Kinachobaki ni majimaji na makapi yenye asidi na sukari. Yakiingia mtoni, bakteria hufurahia karamu, huzaliana kwa wingi, na katika kula huko hutumia oksijeni iliyomo majini. Maji ya joto la nyuzi 25 hubeba kama miligramu 8 tu za oksijeni kwa lita yakiwa yameshiba, na yakishuka chini ya 2 samaki wengi hufa. Lakini angalia: karamu huchukua muda, na wakati bakteria wanakula, maji yanatembea. Oksijeni hufika chini kabisa mahali palipo mbali na bomba la kutolea maji machafu, pengine kilomita kadhaa chini, na zaidi alfajiri, kwa kuwa usiku mimea ya majini nayo inapumua bila kutengeneza oksijeni. Samaki wakielea asubuhi mbele ya kijiji fulani, kijiji hicho huenda hakina kosa lolote. Kwa upande mwingine makapi hayohayo yakiingizwa kwenye mtambo badala ya mto hutoa gesi na umeme, kama ilivyofanywa kwenye shamba la mkonge la Hale. Ni bakteria kwenye mtambo pia, tofauti ni kwamba wanakulia ndani.

Basi ukishashuku, ufanye nini? Niliwahi kuchukua maji kwenye chupa ya soda, nikayapeleka kwenye ofisi moja inayohusika, nikiwa na hasira za kutosha. Aliyenipokea akauliza: nani alichota, saa ngapi, mahali gani hasa, chupa ilikuwa na nini kabla, imekaa wapi toka jana? Sikuwa na jibu hata moja. Akayamwaga kwenye sinki mbele yangu. Siku ile nilimwona ana dharau, na bado naona angeweza kuyamwaga nikishaondoka. Lakini maswali yake tumeyabandika ndani ya jalada la daftari, na hatuchoti tone bila kuyajibu. Sheria ile ya mwaka 2004 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na haki ya kuchukua hatua pale yanapoharibiwa. Haki hiyo haibebwi na chupa ya soda. Na kwa uaminifu, hata daftari zuri kabisa la watu wa kujitolea halimtii mtu hatiani peke yake. Linachofanya ni kumwambia mtaalamu wa bodi aje lini na asimame wapi, maana akija siku yoyote tu, ataikuta siku nzuri.

Ndiyo sababu nilimwambia bibi "labda baada ya mwaka". Kijito hubadilika chenyewe. Mvua za masika husomba wadudu pamoja na mawe yao, na wastani hushuka bila mtu yeyote kukosea. Vuli inavuruga tena. Ukipima Februari ukapima tena Mei utaona maafa ambayo hayapo. Inabidi ulinganishe Mei na Mei. Mahali palepale, saa ileile, jiwe la alama lilelile. Kazi hii inachosha na haina shangwe, na wengi huacha. Nimeona vifaa vizuri vya kemikali vilivyokuja na semina na posho, semina ikaisha, dawa zikapitwa na muda kabatini, na wapimaji wakaenda na posho. Bomba la plastiki na sinia havipitwi na muda. Kama unaanzisha kikundi kijijini kwako, ningekushauri uanze navyo viwili hivyo, na matokeo yasomwe kwenye mkutano wa kijiji, kwa sentimita na majina ya wadudu ambayo watu wameyaona kwa macho yao. Asiyeambiwa alichopima mwezi uliopita haendi mwezi huu.

Bibi nilimfuata nyumbani wiki ile ile, peke yangu. Nikamwambia: kijito ni kizima, bibi, wadudu wake wapo. Maji ya kunywa yachemshe, hata yaking'aa. Na kama kuna anayeyaharibu, bado tunatazama. Akauliza kwa nini hatukusema hivyo tangu mwanzo.

Safu ya mwisho ya daftari, saa mbili asubuhi, jiwe la alama, hakuna mvua siku tatu: bomba, sentimita 88. Kichupa kimeanza kuwa cheusi baada ya saa 31. Sinia: kaa wawili, kerengende, fundi wa mchanga watatu, konokono, wa mikia mitatu wengi. Mmoja bapa chini ya jiwe, mikia miwili, akaponyoka kabla hatujaona kwapa. Nafasi yake imeachwa wazi.